Milango ya Fahamu na Mwenye Nyumba



Watu wakibishana juu ya jambo, mara nyingi mmoja wao hukata maneno kwa kusema, "Nimeliona kwa macho yangu mwenyewe." Na wakibishana juu ya hali ya mtu, mwenyewe hukata maneno kwa kusema, "Mimi ndimi nijijuaye." Kauli hizi mbili twazichukua kuwa ni ushahidi usiopingika. Katika somo hili nataka tuzichunguze zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa elimu ya ubongo imedhihirisha kwamba zatoka katika kazi moja. Ubongo ule ule unaotuambia kilichoko nje ndio unaotuambia pia kipi ni chetu na kipi si chetu. Na katika mambo yote mawili haupokei habari tu, bali wahukumu. Na hakimu aweza kukosea ilhali ni mkweli kabisa.

Wala jambo hili si la mzaha. Wako watu katika nyumba zetu wanaoitwa waongo, au wenye wazimu, au waliorogwa, na hali hawakufanya kosa lolote isipokuwa kueleza kwa uaminifu yale ambayo ubongo wao uliwaambia. Mmoja wa watu hao nilimcheka mimi mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Haya, tuanze na jicho. Tena usisome tu, bali fanya. Chukua karatasi nyeupe. Upande wa kushoto chora alama ndogo ya kujumlisha, na upande wa kulia, umbali wa sentimeta 8 kutoka hapo, weka doa jeusi kiasi cha punje ya kunde. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia itazame ile alama ya kujumlisha wala usiiache. Ishike karatasi mbali kwa urefu wa mkono, kisha uilete karibu polepole. Itakapofika kiasi cha sentimeta 30 kutoka usoni, doa litatoweka. Usilifuate kwa jicho, ukilifuata litarudi.

Sasa angalia vizuri. Mahali pale lilipokuwa doa huoni shimo, wala huoni giza. Waona karatasi nyeupe. Ni nani aliyekuonyesha weupe huo? Chora tena mstari mnene utokao kushoto kwa doa, upite juu yake na kuendelea upande wa kulia, kisha urudie jaribio. Doa litatoweka kama kwanza, lakini mstari utauona mzima, haukukatika.

Sababu yake ni hii. Nyuma ya jicho mna utando uitwao retina, wenye chembe za kupokea nuru karibu milioni mia moja. Habari zake zachukuliwa ubongoni na nyuzi za fahamu kama milioni moja tu, nazo zote hukusanyika mahali pamoja ili zitoke nje ya jicho. Hapo pa kutokea hapana chembe hata moja ya kupokea nuru. Kwa hiyo kila jicho la mwanadamu lina tundu, na katika tundu hilo halioni kitu. Mfaransa mmoja aitwaye Edme Mariotte ndiye aliyeligundua katika miaka ya 1660. Fikiri basi: tangu kuumbwa kwa binadamu hata zama zake, watu waliishi na matundu hayo mawili usoni pao, wafalme na wawindaji na mashahidi mbele ya kadhi, wala hatujui kama alikuwako aliyeng'amua. Hawakung'amua kwa kuwa ubongo hulijaza pengo kwa kile kinachoelekea kuwapo, wala haumwambii mtu kwamba hapo umekisia.

Jaribio jingine ni rahisi zaidi. Simama mbele ya kioo, ulitazame jicho lako la kushoto, kisha uhamishe macho ulitazame la kulia, kisha urudi. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja. Mwite ndugu yako asimame kando: yeye atayaona waziwazi yakienda na kurudi. Jicho linaporuka kutoka mahali hata mahali, ubongo huizuia ile picha iliyovurugika, kisha huunga ya kabla na ya baada kana kwamba hapakuwa na kitu katikati. Na macho yetu huruka hivyo kama mara tatu katika kila sekunde. Basi sehemu si ndogo ya kila siku yetu twaipitisha bila kuona, nasi twadhani tumeona mfululizo.

Hapa yanipasa kumtaja mwanachuoni mmoja ambaye jina lake lastahili kujulikana zaidi. Ibn Haitham alizaliwa Basra yapata mwaka 965 na akafa Cairo yapata mwaka 1040. Katika kitabu chake juu ya elimu ya kuona, Kitab al-Manadhir, aliipinga rai ya wanafalsafa wengi wa kale kwamba jicho hutoa miali yake kwenda kukigusa kitu. Alithibitisha kwamba nuru ndiyo itokayo katika kitu na kuingia jichoni. Jambo hilo lasimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni neno lake la pili, nalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Alisema kwamba nuru na rangi peke yake hazitoshi kutuonyesha vitu. Umbali wa kitu, ukubwa wake, umbo lake, na kuwa yule ajaye ni fulani bin fulani, hayo yote huyajua mtu kwa kulinganisha na kukata hukumu kutokana na aliyoyajua kabla. Ila hukumu hiyo hupita upesi mno hata mwenyewe haihisi, akadhani ameona tu. Katika miaka ya 1860 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliifikia rai iliyo karibu sana na hiyo, na tangu hapo majaribio mengi yameitia nguvu. Mimi nililikuta jina la Ibn Haitham nikiwa mtu mzima, tena katika tanbihi ya chini ya ukurasa. Shuleni tulifundishwa habari za nuru kana kwamba hakuna aliyeifikiria kabla ya Wazungu.

Sasa tuingie ndani zaidi. Wengi wetu twaufikiria mwili kuwa kama nyumba yenye milango mitano, na ndani ameketi mwenye nyumba anayepokea wageni waingiao katika kila mlango. Mfano huu ni mzuri kwa watoto, lakini ukimwuliza mpasuaji wa ubongo akuonyeshe sebule anakoketi mwenye nyumba huyo, hataweza. Habari za macho huenda kisogoni. Za masikio huenda pande mbili, juu kidogo ya sikio. Za ngozi huenda katika utepe upitao utosini kutoka upande mmoja hata wa pili. Hata kitu kimoja kama mpira unaorushwa, rangi yake hushughulikiwa zaidi mahali pamoja, na mwendo wake mahali pengine. Ubongo wa mtu una chembe za fahamu kama bilioni 86, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2009 na wachunguzi wa Brazil. Uzito wake haufiki hata kilo moja na nusu, nao hutumia kama moja ya tano ya nguvu zote za chakula mwilini tukiwa tumepumzika. Lakini katika bilioni zote hizo hakuna chembe moja wala chumba kimoja kilichoonekana kuwa ndicho kiti cha "mimi".

Ikiwa hapana mtu ameketi ndani akipokea, ubongo wajuaje basi kwamba kitu hiki nimekifanya mimi, na kile kimenijia kutoka nje? Jibu lake, kwa kadiri lilivyopatikana, limo katika jaribio hili.

Funga jicho moja. Kwa ncha ya kidole, taratibu sana, sukuma kope la jicho la pili kwa pembeni. Utaiona dunia nzima ikiyumba. Sasa ondoa kidole, ulizungushe jicho lenyewe huku na huku chumbani. Dunia imetulia tuli. Katika hali zote mbili picha imetembea juu ya retina. Tofauti ni kwamba katika hali ya pili ubongo ndio ulioamuru. Unapopeleka amri kwa misuli ya jicho, ubongo hubaki na nakala ya amri hiyo, mfano wa karani apelekaye barua akaweka nakala jaladani. Kwa nakala hiyo hutabiri mabadiliko yatakayokuja, na yakija kama yalivyotabiriwa, huyaondoa katika hesabu: haya ni yangu, dunia haikusogea. Kidole kinaposukuma, amri ya kawaida kwa misuli ya jicho haikupita, nakala hakuna, na ubongo wahukumu kwamba dunia ndiyo iliyosogea. Mwaka 1950 Wajerumani wawili, Erich von Holst na Horst Mittelstaedt, walieleza kanuni hii kwa kuchunguza nzi. Mwaka huo huo Mmarekani Roger Sperry aliifikia kwa njia ya samaki.

Kanuni hii haihusu macho tu. Kwa nini huwezi kujitekenya? Mtoto huuliza swali hili na wakubwa humcheka, lakini lilikuwa swali la maana hata likachunguzwa London na Bi Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, Daniel Wolpert na Chris Frith, ambao walitangaza matokeo yao mwaka 1998. Waliona kwamba mtu akiguswa kiganjani na mwingine, sehemu za ubongo zihusikazo na mguso hushtuka zaidi kuliko akijigusa mwenyewe kwa namna ile ile; na kwamba kazi ya kutabiri yaihusu ile sehemu ndogo ya ubongo iliyo nyuma, juu ya shingo. Kisha wakatumia chombo kilichomwezesha mtu kujitekenya kwa kuendesha mkono wa mashine. Mashine ilipomfuata papo hapo, mtekenyo ulikuwa hafifu. Walipoichelewesha kwa sehemu moja, mbili, na tatu za kumi za sekunde, mtekenyo ulizidi kadiri ya kuchelewa. Mkono ulikuwa ni wake, amri ilikuwa ni yake, lakini utabiri na tukio havikukutana kwa wakati, na ubongo ukaanza kuuona mguso kama wa mtu mwingine.

Naomba jambo hili likae moyoni, kwa kuwa yafuatayo yote yajengwa juu yake. Kuwa kitu ni "changu" si alama iliyobandikwa juu ya kitu hicho. Ni hukumu itolewayo kila mara upya, kwa kulinganisha kilichotarajiwa na kilichofika.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, langoni mwa bweni letu alikaa bawabu mzee ambaye mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti miaka mingi kabla ya sisi kufika. Nchi ile ina baridi kali katika miezi ya Desemba na Januari, nasi tuliotoka Afrika Mashariki iliturarua. Usiku mmoja mzee aliniomba nimvutie blanketi limfunike miguu. Nikamfunika mguu wake mmoja. Akasema, "Na huu mwingine, mwanangu. Vidole vyake vinaniuma kwa baridi." Nikacheka. Tena sikuishia hapo: niliwasimulia wenzangu, nao wakampa jina la mzee wa vidole kumi, na kila apitaye langoni akawa anamwuliza habari za vidole vyake. Kwa wiki mbili alijibu. Kisha akanyamaza, wala msimu wote ule hakulalamika tena juu ya baridi. Wengine walisema amepona uongo wake.

Mzee yule hakusema uongo. Hali yake yajulikana kwa matabibu tangu karne ya 16, alipoiandika Ambroise Paré, mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, maelfu ya askari walikatwa viungo, na daktari Silas Weir Mitchell aliyewatibu wengi wao akaipa jina lenye maana ya kiungo mzuka. Walio wengi katika waliokatwa mkono au mguu huendelea kuuhisi ungalipo. Wengine huuhisi umekunjika na kukaza, wasiweze kuukunjua. Wengine huungua, wengine huona baridi. Maumivu hayo ni maumivu kama mengine.

Sababu yake tutaifahamu tukikumbuka ule utepe wa mguso upitao utosini. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, jambo lililowezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu ukiguswa. Aligusa sehemu mbalimbali kwa umeme mdogo na kuwauliza walihisi nini. Kwa njia hiyo, mwaka 1937, yeye na mwenzake Edwin Boldrey walitangaza ramani ya mwili wote juu ya ubongo. Midomo na vidole vya mkono vimepewa eneo kubwa ajabu, na mgongo wote umepewa kipande tu. Basi mguu ukikatwa, wakatwa katika mwili, lakini mahali pake katika ramani hapakukatwa. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba ramani ya mkono uliokatwa hudumu ubongoni kwa miaka mingi. Nyumba imebomolewa chumba, lakini mchoro wa nyumba ungali na chumba hicho, na ubongo husoma mchoro.

Katika miaka ya 1990 Vilayanur Ramachandran, daktari mzaliwa wa India afanyaye kazi California, aliwapa baadhi ya watu hao dawa ya senti chache: kioo kilichosimamishwa katikati ya sanduku. Mgonjwa aliweka mkono wake mzima mbele ya kioo, na kivuli chake kikaonekana mahali pa mkono uliokatwa. Alipoufungua mkono mzima, aliuona ule wa pili ukifunguka, na baadhi yao waliona mkono mzuka uliokaza kwa miaka umelegea. Si wote waliopata nafuu, wala nafuu haikudumu kwa wote. Hata hivyo huyo bawabu wetu angaliweza kujaribiwa kwa kioo cha kunyolea. Niliposoma habari hizi alikuwa ameshafariki.

Sasa nije katika jambo ambalo sisi waalimu wa dini huletewa mara kwa mara, tena mara nyingi kabla ya daktari. Kijana aanza kusikia sauti. Zamtukana, zamwamrisha, au zasimulia kila afanyalo. Jamaa zake husema ni majini, na kuanza safari ya kwenda kwa mganga huyu na yule, miezi hata miaka. Sitaingia hapa katika kadhia ya majini. Nataka tu uone jinsi kanuni tuliyoisoma inavyogusa habari hii. Kila mmoja wetu hujisemea moyoni mchana kutwa. Maneno hayo nayo ni kitendo, na ubongo huyatambua kuwa ni yake kwa namna ile ile unavyoutambua mguso wa mkono wake. Chris Frith ametoa rai kwamba katika baadhi ya wagonjwa ulinganisho huo walegea, na hapo maneno ya moyoni mwao wenyewe huwafikia bila chapa ya umilikaji, yakasikika kama ya mtu mwingine. Mwaka 2000 yeye na Bi Blakemore walitangaza pamoja na wenzao kwamba wagonjwa wasikiao sauti, walipojigusa wenyewe, waliuhisi mguso huo sawasawa na wa mtu mwingine, jambo ambalo kwa watu wengine si hivyo. Rai hii haielezi kila kitu. Lakini yaonyesha kwamba kijana huyo hajifanyizi. Ukimwambia, "Hakuna sauti, acha upuuzi," umemfanyia kama nilivyomfanyia bawabu. Umsikilize, kisha umpeleke hospitali, na upesi. Dodoma iko Mirembe, Nairobi iko Mathari, na hospitali nyingi za mikoa zina wahudumu wa maradhi haya. Dua haizuii dawa.

Wala si kila asikiaye sauti ni mgonjwa. Watu wengi wenye akili timamu, wakifiwa, humsikia marehemu akiwaita kwa jina. Na asidhani msomaji kwamba kwa maneno haya nimekata hukumu juu ya wahyi. Ujumbe hupimwa kwa yaliyomo ndani yake na kwa matunda yake, na kipimo hicho hakimo katika mishipa ya fahamu.

Yako mambo ya ajabu kuliko hayo. Mwaka 1914 daktari Joseph Babinski alieleza huko Paris habari za wagonjwa waliopooza upande wa kushoto kwa kiharusi, nao hawakujua kuwa wamepooza. Mgonjwa huambiwa, "Inua mkono wa kushoto." Hauinuki. Huulizwa, "Umeinua?" Naye husema, "Naam, nimeinua." Akibanwa sana husema amechoka, au mkono huo ni wa mtu mwingine kitandani. Akili yake katika mambo mengine ni nzima. Atakuhesabia fedha na kukukumbusha deni. Kiharusi kimeharibu, pamoja na mkono, ile sehemu ambayo ingalimwarifu juu ya mkono. Jamaa wengi wamegombana bure na wazee wao wa namna hii, wakidhani ni ukaidi au kiburi, na mzee huanguka akijaribu kusimama kwa mguu ambao yeye ana yakini nao. Wenye kumwuguza yafaa walijue jambo hili mapema, wamkinge na maanguko badala ya kushindana naye kwa maneno.

Na katika wagonjwa wa kifafa waliokatwa ule mkanda wa nyuzi unaounganisha nusu mbili za ubongo, ambao Roger Sperry aliwachunguza hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, palionekana jambo linalonitia hofu mimi mwenyewe. Michael Gazzaniga, aliyekuwa mwanafunzi wake, na Joseph LeDoux waliuonyesha upande wa kushoto wa ubongo wa mtu mmoja, ambao ndio wenye kusema, picha ya ukucha wa kuku. Upande wa kulia, ambao hausemi, waliuonyesha picha ya theluji. Wakamwambia achague picha zinazolingana na alizoziona. Mkono wa kulia ukachagua kuku. Wa kushoto ukachagua sepetu, ambayo kwa nchi zao ndiyo ya kuondolea theluji. Akaulizwa, sepetu ni ya nini? Upande wenye kusema haukujua lolote juu ya theluji. Hata hivyo haukusema, "Sijui." Alijibu pale pale kwamba sepetu ni ya kusafishia banda la kuku. Alisadiki alichosema. Je, ni mara ngapi sisi, ambao ubongo wetu haukukatwa, tumeulizwa sababu ya tendo letu tukatoa jibu la banda la kuku?

Huenda msomaji atauliza: ikiwa macho hukisia, na mkono waweza kukanwa, na ulimi hubuni sababu, limebaki nini la kuaminika katika kujijua? Swali hili si geni. Ibn Sina, aliyeishi kuanzia mwaka 980 hadi 1037, alilijibu kwa mfano mashuhuri katika Kitab al-Shifa. Tuchukulie, asema, kwamba mtu ameumbwa mara moja akiwa mkamilifu, macho yamefunikwa, anaelea hewani, viungo vyake vimetanuliwa visigusane, hata upepo haumpigi. Haoni, hasikii, hagusi, wala hajui kuwa ana mkono. Je, atatilia shaka kuwapo kwake? Ibn Sina akajibu: La, atajua kwamba yupo. Kutokana na hapo alitaka kuonyesha kwamba nafsi si mwili.

Wako wasiokubali, nao husema kwamba hakuna aliyepata kuelea hivyo, na kwamba kuwaza tu jambo si kulithibitisha. Hoja yao ina uzito, wala sidhani kwamba mfano peke yake watosha kumkinaisha asiyeamini kuwako kwa roho. Lakini tazama jinsi alivyopambanua mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kujua kwamba mimi niko ni jambo moja. Kujua ni nini kilicho changu ni jambo jingine. Bawabu wetu hakukosea kwamba yeye yuko na anaumia. Alikosea mahali pa mguu. Mgonjwa wa Babinski hakukosea kwamba yuko, alikosea mkono. Asikiaye sauti hakukosea kwamba yeye ndiye asikiaye; amekosea msemaji. Ibn Sina mwenyewe aliandika kwamba viungo vyetu kwetu ni kama nguo tulizozivaa muda mrefu mno hata tukadhani ni sehemu yetu.

Mwenye darasa aweza kuijaribu kauli hiyo ya nguo kwa saa moja, kama walivyofanya Wamarekani Matthew Botvinick na Jonathan Cohen mwaka 1998. Tafuta glavu ya mpira, uijaze pamba ili iwe kama mkono wa kushoto. Mwanafunzi akae mezani, aweke mkono wake wa kushoto nyuma ya ubao mdogo uliosimamishwa asiuone. Na glavu iwekwe mbele yake mahali panapolingana na mkono huo, na nguo ifunike sehemu ya bega. Aitazame glavu tu. Chukua brashi mbili laini, uusugue mkono wake uliofichwa na glavu kwa wakati mmoja, kidole kwa kidole, upande ule ule, kwa dakika kadhaa bila kukosea. Wengi watasema kwamba mguso wautoka mpira, na kwamba mpira umekuwa mkono wao. Kisha pasipo kumwonya, nyanyua kitabu kana kwamba wataka kuipiga ile glavu, uangalie atakavyoruka. Halafu urudie tena, lakini safari hii brashi moja itangulie na nyingine ichelewe, na darasa liandike tofauti waliyoiona.